Vazi la Udongo: Kutoka Kibera mpaka Kawangware

Msafiri ashukaye Kibera kutoka barabara ya Ngong hupita kwanza soko la Toi, kisha huona mapaa ya mabati yakitelemka mpaka bondeni. Jina la mahali hapa ni la Wanubi, na maana yake ni msitu. Askari wao wa K.A.R. walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Leo miti imekwisha na ardhi imebaki uchi. Mvua za masika zipigapo, udongo huchukuliwa mpaka Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambalo sasa limejaa matope, taka na magugu maji.

Hata hivyo watu wa Kibera hawakuacha kulima. Mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwasaidia wenyeji kupanda mboga katika magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi. Katikati huwekwa nguzo ya mawe ili maji yapenye mpaka chini. Miche ya sukuma wiki na spinachi hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni.

Lakini gunia lina adui, naye ni jua. Udongo kidogo hukauka upesi, na maji ya Kibera hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Yafaa mwenye gunia ajiulize: je, maji hayo hunywewa na mboga, au na jua? Dawa yake ni matandazo, yaani majani makavu, nyasi au maganda ya mahindi, yaliyotandazwa juu ya udongo kwa unene wa vidole vinne hivi. Hayo huzuia maji yasipotee, huvunja nguvu ya matone ya mvua, na huyanyima magugu mwanga. Yakioza huwa mboji, chakula cha minyoo, na udongo hupata nguvu ya kushika maji.

Afuataye barabara ya Naivasha hufika Kawangware, katika nchi ya Dagoretti, iliyokuwa mashamba ya Wakikuyu kabla ya kuingizwa jijini miaka ya 1960. Huko jambo hili si geni: wakulima wa kahawa wa Kiambu wamefunika mibuni yao kwa majani ya migomba tangu zamani. Lakini sokoni majani yaliyofungia ndizi hutupwa jioni. Kizibacho mtaro wa Kawangware ndicho kikosekanacho juu ya gunia la Kibera.

Yapasa kuchagua kwa uangalifu. Taka zenye betri, plastiki au maji machafu hazifai kabisa, wala majani ya mmea mgonjwa. Udongo unyweshwe kwanza, ndipo ufunikwe. Na shina liachiwe nafasi lisioze.

Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 ilikitambua kilimo cha mjini, lakini wengi walimao huko hawana hati ya ardhi, na ye yote aweza kuambiwa kesho ahame. Wengine husema: kwa nini kutunza udongo usio wako? Jibu limo guniani. Kiwanja ni cha mwenyewe, lakini udongo ulionenepeshwa kwa majani huchotwa ukahama pamoja na aliyeutunza.