Tatu Kati ya Kumi na Nne

Mjomba wangu amefungua mabelo ya mitumba Mchikichini kwa zaidi ya miaka 20. Januari 2022, soko la Karume lilipoungua, alibaki na funguo za kibanda tu. Akaanza upya kwa belo moja la kukopa.

Damu kwenye choo aliiita bawasiri mwaka mzima. Haikuwa bawasiri. Alipokatwa kipande cha utumbo mpana, majibu ya maabara yakaja na namba: tezi 14 zimechunguzwa, 3 zina saratani.

"Anko," akaniuliza pale kwenye benchi, "hizi tatu ndizo zinaniua?"

Sikuwa na jibu. Tezi kwangu ilikuwa mtoki, ule unaovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni. Kumbe ndizo hizohizo. Tezi za limfu zimetapakaa mwilini kama vituo vya ukaguzi, na za utumbo zimejificha kwenye mafuta yanayoushikilia. Daktari wa upasuaji huondoa uvimbe pamoja na mafuta hayo, kisha watu wa maabara huzitafuta tezi moja moja na kuzipima kwa hadubini. Saratani ikikutwa hata kwenye moja, bila kufika ini au mapafu, hiyo ni hatua ya tatu. Zikiwa 1 hadi 3 ni afadhali kuliko 4 na kuendelea.

"Na kwa nini mmeangalia kumi na nne?" Mjomba akamuuliza daktari.

"Tunataka angalau kumi na mbili, mzee. Tukiangalia chache tukakosa, hatuwezi kusema hakuna."

Mjomba akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Kama belo! Ukichomoa mashati matano ya juu, hujalijua belo."

Usiku nikasoma takwimu za Marekani. Kati ya wagonjwa 100 ambao saratani yao ya utumbo mpana haijasambaa, takriban 90 huwa hai baada ya miaka 5. Ikifika kwenye tezi za jirani, 70 na kidogo. Ikifika mbali, hawafiki 20. Ni hesabu za kwao, wanakowahi kupima. Huku kwetu wengi hufika hospitali wamechelewa. Hata hivyo nilimsomea ile ya katikati.

Shida ilikuwa dripu. Kidonda kimepona, anakula ugali, anataka kurudi sokoni. "Si wameshatoa?" Nikamrudishia maneno yake: kama matatu yana doa, utaapa belo lililobaki ni safi? Tezi zikishafikiwa, chembe nyingine huenda zimeshapita bila kuonekana. Dawa za baada ya upasuaji ni za kuwinda hizo, na hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Hazimpi mtu hati ya dhamana.

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Haya, tupange."

Dawa imempa ganzi vidoleni. Soda ya baridi haishiki. Juzi nilimkuta kibandani, shati mkononi, akilipapasa na kulipapasa tena. Mtu aliyekuwa akijua pamba na macho kafumba! Akaninyooshea.

"Shika wewe, Anko. Hii pamba au siyo?"

Nikashika. Ilikuwa pamba.