Nilimnunia Mume kwa Kosa Langu

Kompyuta yetu tuliiunga wenyewe nyumbani Handeni. Hela nyingi ikaishia kwenye prosesa. Kuhusu pawa saplai nilimwambia mume wangu, "Chukua yoyote ya bei poa." Akaleta nyepesi kama boksi tupu, eti wati 500! Siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, paa! Ikaungua pamoja na diski yenye picha za marehemu mama. Nikamnunia wiki nzima.

Fundi wa Korogwe ndiye aliyenifumbua macho: jumlisha wati za prosesa, kadi ya video na diski, ongeza akiba, kisha ipime mkononi. Yenye koili na vipoozeo vya maana huwa nzito.

Njiani nikamwomba baba watoto msamaha. Akacheka: "Nawe volti zilikupanda, mama."