Mwaka Huu Tuna Timu

Ifikapo mwezi wa Agosti, kila ligi inapokaribia kuanza, baba yangu hunipigia simu kutoka Tanga. Tukishamaliza kusalimiana na kuulizana hali za watu wa nyumbani, hukohoa kidogo, kisha hutamka sentensi ambayo nimeizoea tangu utotoni: "Mwanangu, mwaka huu tuna timu." Leo nina umri wa miaka 45. Katika maisha yangu yote maneno hayo yametimia kwa ukamilifu mara moja tu, nami wakati huo nilikuwa na miaka minane.

Timu anayoizungumzia ni Coastal Union, klabu iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo sisi wa Tanga huiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Sikumbuki mabao ya msimu ule. Ninachokumbuka ni mabega ya baba, kwa kuwa ndiko nilikokalia pale Mkwakwani. Nakumbuka ubuyu ulionipaka rangi mikononi. Na nakumbuka mshangao wa kuwaona watu wazima, mafundi, makuli wa bandarini na walimu wangu wa shule, wakikumbatiana na kulia bila haya. Jirani yetu mmoja, shabiki wa African Sports wa kufa na kupona, alikuja jioni ile kumpa baba mkono. Alisimama mlangoni, akakataa kuingia ndani, akasema: "Hongera, mgosi. Lakini mwakani ni sisi." Hata katika kushindwa, mji ule ulikuwa na mwakani.

Msomaji asiyeijua Tanga ya wakati ule huenda akadhani kwamba nasimulia habari za mpira pekee. Sivyo. Baba alikuwa fundi katika kiwanda kimoja, na mji ulikuwa bado na viwanda, reli na mashamba ya mkonge, zao lililoitwa dhahabu ya kijani. Lakini mkonge ulikuwa tayari unakufa. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki tani 20,000 hivi. Viwanda navyo vilifungwa kimoja baada ya kingine. Kiwanda cha baba kilifunga milango yake nikiwa bado shule ya msingi. Alirudi nyumbani na sanduku la vifaa vyake, akakaa kimya siku tatu, na siku ya nne akafungua genge la kuuza nazi, ndizi na mafuta ya taa. Jumamosi iliyofuata alifunga genge mapema akaenda Mkwakwani. Mama alimwuliza kwa upole anapata wapi moyo wa kulipa kiingilio. Baba akamjibu kwamba katika mji huu vitu visivyofungwa ni viwili tu, bandari na Coastal, na bandarini hakuna pa kukaa.

Tulicheka. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mzee hakuwa akitania.

Mimi niliondoka. Niliondoka kama wanavyoondoka vijana wengi wa miji ya mikoani: kwanza Dar es Salaam kwa ajili ya chuo kikuu, baadaye ng'ambo kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Ushabiki wangu ukawa wa kuulizia matokeo, kisha wa kuyasikia kwa bahati, kisha wa kumbukumbu tu. Ndipo ukafika mwaka 2016. Msimu huo Tanga ilikuwa na timu tatu katika Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Timu tatu zilipaswa kushuka daraja, na zilizoshuka zilikuwa hizo hizo tatu. Mkoa mzima ulifutwa katika ligi kwa msimu mmoja.

Nilimpigia baba kumpa pole. Kwa ile sauti ya mtu aliyesoma sana, nilimweleza kwamba soka la Tanga limekwisha. Kwamba mpira wa leo unafuata fedha, na fedha zimehama. Kwamba haina maana tena kujitesa. Alinisikiliza hadi nilipomaliza. Kisha akasema: "Limekwisha kwako wewe uliyeondoka. Sisi tuliopo, Jumamosi tutakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilibeba swali hilo tangu siku ile, hata darasani.

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu hoja ya mwanauchumi Albert Hirschman, aliyoitoa katika kitabu chake cha mwaka 1970. Hirschman anasema kwamba taasisi inapodorora, walio ndani yake wana njia mbili: kuondoka, au kupaza sauti. Kinachoamua mtu ashike njia ipi, kwa sehemu kubwa, ni uaminifu wake kwa taasisi hiyo. Mfano wake wa kwanza ni wa Afrika: reli ya Nigeria. Aliona kwamba reli ile ilizidi kuharibika ingawa malori yaliishindania mizigo. Kwa nini ushindani haukuiamsha? Kwa sababu wateja ambao wangelalamika kwa nguvu zaidi ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Reli ikabaki na wateja wasio na sauti, na viongozi wake wakalala usingizi wa pono.

Nimeifundisha hoja hiyo kwa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba mimi ndiye mteja aliyepanda lori. Watu wa Tanga wenye elimu kidogo, kipato kidogo na kalamu ya kuandikia ndio tuliokuwa wa kwanza kuhamisha mapenzi yetu, wengine kwenda Simba, wengine Yanga, wengine moja kwa moja hadi Uingereza. Tulijiita watu wanaoona mambo yalivyo. Kumbe kukata tamaa ni anasa ya mtu mwenye pa kwenda. Asiye na pa kwenda hulazimika kutumaini, na kutumaini kwake si upumbavu. Ni namna ya kuendelea kuishi mahali alipo.

Hata hivyo, sitaki kumfanya baba yangu nabii. Hesabu zipo, na ni kali. Tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipotwaa ubingwa kwa mara ya pili mfululizo mwaka 2000, kombe la ligi halijatoka nje ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo mambo hayakuwa hivyo: Tukuyu Stars ilikuwa bingwa mwaka 1986, nayo ndiyo kwanza ilikuwa imepanda daraja. Klabu mbili kubwa za Kariakoo sasa zina matajiri nyuma yake. Mwaka 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa kumpa mwekezaji hisa. Mkataba wa haki za matangazo ya televisheni uliotiwa saini mwaka 2021 ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Fedha hizo zimezisaidia pia timu ndogo kulipa nauli na mishahara, lakini hazijaondoa pengo. Mchezaji akichanua Tanga leo, kesho yuko Dar es Salaam. Bakari Mwamnyeto alikuwa beki wetu; mwaka 2020 akaenda Yanga, na tulichobaki nacho ni fahari ya kusema tulimlea.

Pamoja na hayo yote, timu ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018, na Julai 2, 2022 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Nilikuwa Tanga siku hiyo. Tulikaa sebuleni vizazi vitatu: baba, mimi, na mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka 11. Mwanangu alizaliwa Dar es Salaam na alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Babu yake alimtazama kwa muda, akasema tu: "Karibu mjukuu wangu, leo utalala na njaa."

Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu, aliifungia Coastal mabao matatu peke yake. Dakika 120 zilimalizika kwa sare ya 3-3. Mara mbili nilisimama nikiwa na hakika kwamba hatimaye maneno ya mzee yanatimia tena. Mara mbili nikaketi. Yanga ikashinda kwa penalti. Nilitoka nje kwa sababu sikutaka mwanangu aone uso wangu. Niliporudi nilimkuta baba ameshika mkono wa mjukuu wake akimpa hongera, kama jirani yule wa mwaka 1988 alivyompa yeye. Aliponiona akasema: "Umeona? Timu tunayo." Wiki chache baadaye Sopu naye akaenda Azam.

Usiku ule mwanangu aliniuliza: "Baba, kwa nini unashabikia timu isiyoshinda?" Nikamjibu kwamba ni timu ya nyumbani. Akaniambia, kwa ukweli wa watoto, kwamba nyumbani kwake ni Dar es Salaam. Swali lake lina haki ya kupata jibu bora kuliko lile.

Hapa ndipo soka linapogusa siasa zetu. Sentensi ya "msimu ujao" ni ndugu wa karibu wa sentensi ya "awamu ijayo". Kila uchaguzi watu wa Tanga huahidiwa kwamba viwanda vitarudi. Bomba la mafuta ghafi la urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani limeamsha matumaini mapya, na sina sababu ya kuyadharau. Lakini yapo matumaini yanayomlaza mtu, na yapo yanayomwamsha. Matumaini yanayolaza husema: mambo yatakuwa mazuri, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza. Yanayoamsha husema: mambo yanaweza kuwa mazuri, kwa hiyo nina haki ya kuuliza kwa nini si mazuri leo.

Nimeyaona yote mawili katika baraza moja la kahawa pale Ngamiani. Siku moja niliwauliza wazee na vijana waliokuwapo ni nani kati yao amewahi kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya klabu yoyote anayoishabikia, iwe ya Tanga, ya Kariakoo au ya Ulaya. Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja akaninawia mikono kwa maneno: "Daktari, mapenzi hayana risiti." Kicheko kikazuka, na mazungumzo yakarudi mwaka 1988. Hapo niliona jinsi kumbukumbu tamu inavyoweza kugeuka mto wa kulalia. Tukiulizwa kuhusu leo, tunajibu kwa jana. Na raia anayejibu hivyo ni rahisi sana kutawaliwa.

Baba hakucheka. Wakati tukirudi nyumbani aliniambia kwamba swali langu lilikuwa zuri, ila nilikosea kwa jambo moja. "Unauliza kama mgeni. Lipa ada kwanza, halafu uje uulize."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mzee hulipa ada yake. Anawajua kwa majina vijana wa timu ya pili, anajua nani ana goti bovu na nani mvivu wa mazoezi, na hawaonei haya viongozi anapokutana nao barabarani. Tumaini lake linamgharimu fedha, muda na wakati mwingine urafiki. Ndiyo maana sikubali tena kuliita ujinga. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi ningeongeza kwamba asiyerudi uwanjani baada ya kushindwa naye si mshindani.

Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, na kipa wake, Ley Matampi, akatwaa tuzo ya kipa bora. Timu ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Kwa mizania ya mataji, hiyo si habari. Kwa mji ambao mwaka 2016 haukuwa na timu hata moja katika Ligi Kuu, ni habari kubwa, na imetokana na watu waliokataa kuondoka.

Mwaka huu nimelipa ada, kwa mara ya kwanza tangu nitoke Tanga. Mwanangu amebaki Yanga, nami sitamlazimisha. Ila ameomba twende pamoja Mkwakwani timu hizi mbili zitakapokutana, na babu yake ameshamtengea nafasi ya kukaa.

Simu ya Agosti ilikuja kama kawaida. "Mwanangu, mwaka huu tuna timu." Miaka yote nimekuwa nikiitikia, "Ndiyo, baba," huku nikitafuta namna ya kubadilisha mazungumzo. Safari hii nikamwuliza: "Na beki wa kushoto tumepata?"

Kimya kikapita. Kisha mzee akavuta pumzi na kuanza kunieleza, na hatukukata simu hadi salio lake lilipokwisha.