Siyo jini shangazi, ni jeni!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina utani mwingi. Kuna jambo limenikaa rohoni. Kama wewe ni shangazi wa mtu, au una mpango wa kupeleka posa mahali, naomba usome mpaka mwisho.

Siku ya posa yangu, hapa hapa Mpanda, mambo yalianza vizuri. Wageni walikuja wanne. Wakala wali na migebuka ya Karema, wakanawa, mshenga akaanza kuzungusha maneno kama ilivyo kawaida ya washenga. Mimi nimejificha chumba cha ndani, sikio nimelibandika kwenye pazia.

Mara mdogo wangu akaingia kutoka kazini, vumbi la mbao limejaa kichwani maana ni fundi seremala. Akawapa wageni mkono mmoja mmoja, akatabasamu, akapita zake uani. Hakusema kitu. Ni kiziwi tangu kuzaliwa.

Shangazi wa mchumba wangu akamkatiza mshenga. "Huyu naye vipi?" Mama akamweleza. Basi jamani, sebule nzima ikapoa! Shangazi akashusha sauti, lakini mimi nilisikia kila neno: "Sisi hatukuja kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hili ni jini la ukoo. Kesho litahamia kwa wajukuu zetu."

Posa ikaishia hapo. Wageni wakasema watarudi, ila tarehe hawakutaja.

Msomaji wangu, mama yangu kalisikia neno hilo miaka ishirini. Mdogo wangu alipozaliwa, wapo waliosema eti mama akiwa mjamzito alipita karibu na ule mkwaju wa Ziwa Katavi, kule hifadhini, asiache sadaka. Mkwaju huo upo na heshima yake ipo. Wazee wanasema ndani yake anakaa Katavi mwenyewe, yule mwindaji ambaye jina lake limepewa hifadhi, na tangu mwaka 2012 mkoa wetu pia. Lakini mama hajawahi kufika huko! Nauli ya kuingia hifadhini angeitoa wapi?

Na kuna kisa kingine kinachekesha na kuliza. Mwaka 2013 tulimpeleka mdogo wangu Tabora kwa treni, ili aanze shule. Kule ndiko ilikofunguliwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963. Baba akampitisha kwa daktari wa masikio. Daktari akauliza kama mtoto aliwahi kuugua sana, akaambiwa hapana. Akauliza kama baba na mama wana undugu. Wanao, bibi zao walikuwa mtu na dada yake. Daktari akasema, "Inavyoelekea, hii ni jeni."

Baba akarudi Mpanda uso umesinyaa. "Mama watoto, hata hospitali wamesema ni jini." Mama alilia usiku kucha.

Miaka mitatu tuliishi hivyo. Mpaka mwalimu wa Baiolojia, mimi nikiwa kidato cha nne, alipoandika ubaoni neno JENI. Nilinyoosha kidole nikauliza kama linaandikwa hivyo kweli. Darasa zima likacheka. Mimi nilikimbia nyumbani na daftari mkononi kama nimeshinda bahati nasibu.

Baiolojia nilipata C, sijifichi. Ila suala la sikio sikuliacha tena, nimelisoma kila nilipolikuta. Na nilichokikuta huko, shangazi, kingekushangaza kuliko jini.

Tuanze na taya. Ndani ya sikio lako, nyuma ya ngoma, kuna vimifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Sauti ikigonga ngoma, vimifupa hivyo vinapokezana mtikisiko mpaka sikio la ndani. Kuku ana kimoja tu. Mjusi kimoja, chura kimoja. Sisi tunaonyonyesha, kuanzia panya mpaka tembo, tuna vitatu. Viwili vya ziada vimetoka wapi? Vimetoka kwenye taya!

Mjerumani mmoja, Reichert, aliligundua hilo mwaka 1837 kwa kuchunguza vijusi. Hata wewe ulipokuwa tumboni mwa mama yako, nyundo yako ilianza ikiwa imeungana na gegedu la taya, kisha vikaachana.

Mawe nayo yanatoa ushahidi, tena ya hapa hapa Tanzania. Bonde la mto Ruhuhu, kule kusini, limetoa mifupa ya wanyama waitwao sainodonti, walioishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita. Hao ni jamaa wa mababu wa wanyama wote wanaonyonyesha. Taya lao la chini bado lilikuwa na mifupa kadhaa, mkubwa wenye meno na midogo nyuma yake. Kwa mamilioni ya miaka iliyofuata, ile midogo iliendelea kupungua, ikaacha kazi ya kutafuna, ikahamia kwenye sikio. Wanyama wenyewe walikuwa wamekuwa wadogo kama panya, wanatembea usiku kutafuta wadudu. Kwa maisha hayo, mwenye sikio kali ndiye aliyeshiba na kuzaa.

Kwa hiyo sikio ni kitu kilichoundwa kwa kuungaunga, na kila mnyama ameungiwa kivyake. Popo wa kwenye dari yako anapiga kelele nyembamba mno ambazo wewe huzisikii, anasikiliza mwangwi na kumkamata mbu gizani. Tembo yeye ananguruma kwa sauti nzito iliyo chini ya uwezo wa sikio letu, na mwenzake anaisikia kilomita kadhaa mbali. Jambo hilo lilijulikana kwa mama mmoja wa Kimarekani, Katy Payne. Mwaka 1984 alikuwa amesimama karibu na tembo kwenye bustani ya wanyama kule Portland. Hakusikia kitu, ila alihisi hewa inatetemeka. Baadaye, mwaka 2024, watafiti waliosikiliza tembo wa Samburu na Amboseli, Kenya, wakasema tembo wanaitana kwa kitu kama majina.

Niliposoma habari za huyo mama nilimkumbuka mdogo wangu. Siku moja tulikwenda Sitalike kutazama viboko pale daraja la mto Katuma. Kiangazi viboko wanajazana kwenye dimbwi kama abiria wa daladala. Walipoanza kunguruma, mdogo wangu aliweka kiganja kifuani, akanitazama, akacheka. Akaniambia kwa mikono: nimewasikia.

Sasa ngoma yenyewe iko ndani zaidi. Sikio la ndani lina umbo la konokono, na humo kuna chembehai kama 15,000 zenye vinywele. Ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupeleka kwenye ubongo. Nyingine zinarefuka na kufupika kwa kasi ya ajabu ili kuikuza sauti, kwa nguvu ya protini iitwayo prestini, iliyogunduliwa mwaka 2000. Na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba jeni ya prestini ya popo inafanana sana na ya pomboo, kama wale wa Kizimkazi, ingawa hawa wawili si ndugu wa karibu. Wote wanawinda kwa mwangwi, basi kila mmoja kwa njia yake akafikia palepale.

Sikio moja, jeni nyingi. Zinazojulikana kuleta uziwi zikiharibika ni zaidi ya 100. Na karibu kila jeni unayo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiwa mbovu, mara nyingi ile nzima inafanya kazi na wewe unasikia vizuri tu, hujui kama umebeba kitu. Ukikutana na mwenzio aliyebeba ubovu uleule, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa kiziwi. Watu wenye undugu wanakutana hivyo kwa urahisi zaidi, maana wamerithi kutoka kwa bibi mmoja. Mdogo wangu hajapimwa jeni, lakini daktari alikuwa na sababu ya kuuliza alichouliza. Tena utaona kwamba inahitaji wawili. Kwa nini basi alaumiwe mama peke yake?

Na si kila uziwi ni wa kuzaliwa. Uti wa mgongo unaua masikio, surua pia, na usaha unaopuuzwa. Kuna dawa kama gentamaisini na kwinini ambazo zikizidi zinaweza kudhuru. Na kelele! Vijana wetu wanaosaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha hapa Mpanda wanashinda kutwa bila hata pamba masikioni. Vile vinywele vikifa havioti tena. Kuku anakuzidi: tangu mwaka 1988 inajulikana kwamba ndege huotesha vyake upya. Sisi ndiyo ule msemo, sikio la kufa halisikii dawa.

Ingawa hata msemo huo umeanza kutikisika. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto vifaa vya kusikia ndani ya sikio. Na mwaka 2024 madaktari wa China walitangaza kwamba kati ya watoto sita waliozaliwa viziwi kwa kuharibika jeni moja iitwayo OTOF, watano walianza kusikia baada ya kuwekewa jeni nzima. Ni jeni moja tu kati ya nyingi, na Mpanda ni mbali. Lakini jini halitibiwi hivyo.

Sasa turudi kwenye posa. Siku ya pili jioni mchumba wangu alikuja peke yake. Tukakaa chini ya mwembe. Akaniambia kitu ambacho alikuwa amekipata usiku uliopita kwa mjomba wake: babu yake alikuwa na kaka ambaye watu walimwita Bubu. Aliishi shambani, hakuoa, mezani hatajwi. Na shangazi alikua naye nyumba moja!

Nilinyamaza kidogo. Nikamweleza ukweli. Huenda mzee yule alizaliwa hivyo, huenda aliugua utotoni. Huenda wewe umebeba kitu na mimi nimebeba kitu, ama cha aina moja ama cha aina tofauti. Vikiwa tofauti, watoto wetu watasikia mpaka tunayowasengenya. Vikiwa vya aina moja, nafasi ni ile ile, moja kati ya nne. Sikumficha.

Akakaa kimya. Kisha akainuka, akamfuata mdogo wangu kwenye karakana yake, akamwomba amfundishe kusema jina lake kwa mikono. Viziwi wana desturi ya kumpa mtu jina la alama. Mdogo wangu akamtazama juu mpaka chini, halafu akajivuta sikio mara mbili. Nilicheka mpaka machozi, maana mchumba wangu masikio anayo kweli!

Wageni bado hawajarudi. Shangazi, najua gazeti hili unalisoma, kwa hiyo shikamoo. Jina la yule mzee wenu naomba mlitaje mezani, hakuwa na kosa. Na kama Mungu akitujalia mjukuu kiziwi, usiogope. Njia ya Tabora tunaijua.

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo.