Pointi Tano



Kifaru cha vita hubeba mzinga, na mzinga huo una watu wanaowajibika kwa kila risasi inayotoka. Wachache wanajua kwamba wakati wa mafunzo kuna mtu mwingine anayewafuatilia watu hao, mwenye saa ya kuhesabu sekunde, vipaza sauti masikioni na karatasi ya pointi mapajani. Yeye hapigi risasi. Kazi yake ni kutazama, kusikiliza na kuandika yaliyotokea. Mimi nilizaliwa Uvira, nikakulia kambini ukimbizini, nikahamishiwa Marekani pamoja na wazazi wangu, na huko nikawa askari. Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ya upimaji ilikuwa yangu. Naandika juu yake kwa sababu ilinifundisha jambo ambalo, naamini, linawahusu hata ninyi msiovaa sare na msiotaka kuivaa.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kifaru cha aina ya Abrams kina watu wanne: kamanda, mlenga shabaha, mpakiaji wa risasi na dereva. Mzinga wake una kipenyo cha milimita 120, na risasi yake ya kutoboa chuma hutoka kwa kasi inayopita mita 1,500 kwa sekunde. Ikishatoka, hakuna wa kuirudisha. Yote yanayoweza kusahihishwa husahihishwa kabla, na husahihishwa kwa maneno. Kamanda anapomwona adui hutoa amri yenye sehemu zilizopangwa: huwatahadharisha wenzake, hutaja risasi itakayotumika, hutaja kitu kinacholengwa, huonyesha upande au umbali ikihitajika, kisha hutoa ruhusa ya kupiga. Mlenga shabaha hujibu kwamba amekitambua kile kilichotajwa. Mpakiaji hujibu kwamba risasi imo, na kwamba yeye mwenyewe amejitenga na njia ya mzinga, ambao hurudi nyuma kwa nguvu kubwa unapopiga. Kila neno lina mwenye kulisema na mwenye kulingojea.

Mtihani una mapambano kumi, mengine ya mchana na mengine ya usiku, na kila pambano lina pointi 100. Ili kufaulu, kikundi lazima kipate walau pointi 700 kati ya 1,000, na tena kipate 70 au zaidi katika mapambano saba. Masharti hayo mawili huenda pamoja, ili mtu asing'ae mara tano, akaanguka mara tano, kisha akajificha nyuma ya jumla yake. Pointi hutokana na sekunde, na jedwali la sekunde limejengwa juu ya swali moja: adui wa aina hii, kwa umbali huu, angehitaji muda gani ili akupige wewe? Baadaye hukatwa pointi kwa makosa ya utaratibu. Sehemu moja ya amri ikikosekana, pointi tano hutoka.

Kuna haki nyingi katika utaratibu huo. Shabaha isiposimama kwa sababu ya hitilafu ya mtambo, au silaha ikikwama pasipo kosa la waliomo, kikundi hurudishiwa nafasi. Mpimaji anapaswa kutofautisha kosa la mtu na kosa la chombo. Wala sikupima peke yangu. Tulikuwa wawili, kila mmoja na saa yake na karatasi yake, tukalinganisha mwishoni. Tulipotofautiana tulirudi kwenye rekodi, kwa maana sauti za ndani ya kifaru na picha ya darubini zilihifadhiwa zote mbili. Na kwa kawaida mpimaji hapewi kikundi chake mwenyewe.

Lakini anaweza kupewa kikundi cha rafiki yake.

Uwanja wa Grafenwöhr, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, umetumika kwa mazoezi ya mizinga tangu mwaka 1910. Huko, usiku mmoja wa baridi kali, nilipewa kikundi ambacho kamanda wake alikuwa sajini niliyezoea kumwita kaka. Nilipofika kikosini nikiwa sijui lugha ya jeshi, yeye ndiye aliyenifundisha. Mke wangu alipojifungua, mke wake alitupikia kwa majuma mawili. Usiku ule alikuwa amekwisha kumaliza mapambano tisa, na jumla yake ilikuwa nzuri, lakini mapambano aliyofaulu yalikuwa sita. Lilibaki la kumi. Shabaha mbili zilisimama gizani. Zote mbili zikapigwa, tena upesi. Saa ikawapa pointi 73. Nikashusha pumzi. Kisha mwenzangu akaniangalia, kwa kuwa naye alikuwa amesikia. Katika amri ya kwanza kamanda hakutaja kitu kinacholengwa. Alitaja risasi, akasema wapige. Pointi 73 zikawa 68.

Baada ya zamu, kikundi huketi katika chumba cha mapitio na kusikiliza sauti zao wenyewe. Tuliirudia rekodi mara tatu, na neno halikuwamo. Wengine walipotoka, rafiki yangu alibaki, akaniambia kwa upole: «Ndugu yangu, ni neno moja tu. Shabaha zimeanguka zote mbili. Ukiniachia pointi tano, nani ataumia?»

Swali lake lilistahili jibu, na kumsomea kanuni kusingekuwa jibu.

Usiku, darubini ya joto haionyeshi bendera wala rangi. Inaonyesha umbo linalong'aa katika weusi. Kifaru cha adui kina injini ya moto, na kifaru cha mwenzako kina injini ya moto vilevile. Mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba dhidi ya Iraki, Wamarekani 148 waliuawa katika mapigano, na 35 kati yao waliuawa kwa silaha za wenzao wenyewe. Ni karibu mmoja katika kila wanne. Waliowapiga walikuwa askari waliofunzwa, na waliamini kwamba wanampiga adui. Ndiyo maana kamanda anatakiwa kusema kwa sauti kile anachodhani anakiona, ili yule mwenye jicho kwenye darubini apate nafasi ya kumwambia: hapana, mimi naona kitu kingine. Neno hilo likikosekana, watu wawili wanaona kwa jicho moja. Pale uwanjani mbele yetu palikuwa na mbao tu, kwa hiyo ukimya ule haukumdhuru mtu. Mahali pengine ungeweza kuua.

Nilimwambia: «Kaka, pointi hizi si mali yangu hata nikupe. Ni za mtu atakayesimama mbele ya mzinga wako siku nyingine. Hayumo chumbani humu, na hawezi kujitetea.»

Nikatia sahihi kwenye 68. Kisha tukakaa na kikundi chake hadi karibu na alfajiri, tukipitia amri moja baada ya nyingine, sauti kwa sauti. Waliyarudia mapambano yaliyowashinda, wakafaulu, na rekodi ikaandika kwamba walifaulu mara ya pili. Kwa sajini aliyekuwa akitazamia kupanda cheo, maneno hayo yalikuwa mazito. Hakunitukana, aliacha tu kuja nyumbani kwetu. Katika mazoezi yaliyofuata niliisikia sauti yake redioni, ikitaja kila sehemu ya amri, polepole kidogo kuliko zamani. Urafiki wetu haujarudi kuwa ule wa mwanzo. Nawaambia hili ili mtu asiwadanganye kwamba ukweli hauna gharama.

Neno «pointi» ninyi mnalijua kuliko mimi. Mmesikia zikinunuliwa kwa pesa, kwa mbuzi, na kwa mambo ya aibu kuliko hayo. Mwanafunzi aliyezawadiwa pointi za hesabu leo, kesho ndiye atakayepima dawa ya mtoto mchanga, au atakayekadiria uzito ambao daraja linaweza kubeba. Siku pointi zinapogawanywa, mtoto yule hayupo chumbani, wala msafiri wa darajani hayupo. Nasi wa Kivu tuna ushahidi mwingine mchungu zaidi: tumekua tukisikia milio ya bunduki ambazo hakuna aliyekaa nyuma yake na karatasi, kuandika zimempiga nani na kwa amri ya nani.

Hata hivyo kuna upotovu wa pili, na niliuona pia. Wapo wapimaji wanaofurahia kukata. Hutafuta kosa kama mtu atafutaye sarafu njiani, na wakilipata huinua sauti ili wote wasikie. Mpimaji wa namna hiyo naye anaandika uongo, kwa kuwa anageuza dakika moja ya udhaifu kuwa jina la mtu. Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya kuandika sekunde, maneno na shabaha. Haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba huyu ni mjinga. Nilimpima rafiki yangu katika dakika chache za usiku mmoja, na baada ya hapo ilikuwa wajibu wangu kubaki pale mpaka aelewe, ajaribu tena, na apate nilichomnyima kwa njia iliyo halali.

Ninyi pia mtakabidhiwa kalamu, kama hamjakabidhiwa tayari. Mmoja atashika hesabu za kikundi, mwingine atakuwa mwamuzi wa mpira, mwingine atasahihisha madaftari ya darasa la tatu. Atakuja mtu mnayempenda, atazungumza kwa upole, na ataomba kitu kidogo sana. Mjibuni kwa upole uleule. Kisha, kabla ya kuandika, jiulizeni ni nani asiyekuwepo chumbani.