Kumbe mwizi wa bati langu nilikuwa mimi!

NILIMWITA fundi wangu mwizi, tena mbele ya majirani. Leo naandika haya, msomaji wangu, ili nami niutue mzigo.

Basi bwana, nyumba yetu iko Kigamboni, na bahari ni pua na mdomo. Fundi alituezekea mabati mapya, nikamlipa, zikabaki shilingi 60,000. Hizo nikawa namzungusha: njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi. Misimu miwili ya mvua ikapita, maji yakaanza kutudondokea kitandani. Mama watoto akawa anaweka sufuria upande wangu, si wa kwake!

Fundi alipokuja tena kudai nikamvaa: "Umetuletea mabati feki, chenji ukala! Hapa hupati hata senti." Majirani wakachungulia. Yule mtu wa watu akabeba mfuko wake wa nyundo, akaondoka bila kujibu.

Jioni moja binti yetu wa kidato cha tatu alikuwa anasoma kemia. Oksidesheni na ridaksheni. Mimi enzi zangu hayo maneno yalinitoa jasho, mtihani nikaambulia sifuri.

"Baba, ni kutoa na kupokea tu," akasema. "Anayetoa elektroni amepata oksidesheni, anayezipokea amepata ridaksheni. Mmoja hatoi kama hakuna wa kupokea."

Nikajifanya mjuaji. "Ridaksheni si kupungua? Mtu atapokeaje halafu apungue?"

"Elektroni ina chaji hasi, baba. Ifanye deni. Ukipokea deni, hesabu yako inapanda au inashuka?"

Mama watoto alicheka mpaka akashika mbavu. Madeni yangu anayajua yeye.

Kesho yake binti akaleta mrututu kidogo, ule wanaopulizia kahawa. Akaukoroga kwenye glasi ya maji, yakawa ya bluu. Akasugua msumari mpaka ukang'aa, akautumbukiza. Haikupita muda msumari ukavaa rangi ya shaba, na baada ya siku moja ile bluu ikawa imefifia. Akanieleza kwamba ndani ya mrututu mna shaba iliyokwisha poteza elektroni. Kila atomu ya chuma inatoa elektroni 2, shaba inazipokea, inarudi kuwa shaba kamili na kuganda msumarini. Chuma nacho kinayeyukia majini.

"Kwa hiyo chuma ni mtoaji, shaba mpokeaji," akaendelea. "Zinki ni mtoaji zaidi hata ya chuma. Ndiyo maana bati linapakwa zinki, ijitoe mhanga kwanza, chuma kisalimike."

Moyo ukanilipuka pa! Nani alifunga antena ya televisheni juu ya paa kwa waya wa shaba? Mimi! Nilijiona mjanja, maana shaba haishiki kutu kama chuma.

Nikapanda juu mbio. Matundu yalikuwa manne, yote pale pale nilipofunga waya. Bati lililobaki lilikuwa linang'aa. Upepo wa bahari unaleta chumvi, mvua ikinyesha maji yale ya chumvi yanaunganisha bati na shaba. Elektroni zinatoka kwenye zinki, ikiisha zinatoka kwenye chuma, zinaingia kwenye shaba, na hapo oksijeni iliyomo majini inazipokea. Shaba yangu ilikaa salama, bati likaliwa.

Mwenzetu Humphry Davy wa Uingereza aliitumia akili hiyo hiyo kwa faida mwaka 1824, kabla hata elektroni haijagunduliwa. Meli za kivita zilivikwa shaba chini, ikawa inaliwa na maji ya bahari. Yeye akabandika vipande vya zinki na chuma, vikaliwa hivyo badala ya shaba. Ila viumbe wa baharini wakajazana kwenye meli, maana shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo ilikuwa sumu yao! Mpaka leo meli nyingi za chuma hubandikwa vipande vya zinki.

Mimi nikavaa shati, nikaenda kwa fundi. Nikampa 60,000 zake na za usumbufu juu, nikamweleza yote mbele ya mkewe. Akazihesabu polepole.

"Mzee, hela nilikwisha isahau," akasema. "Lile jina ndilo halikunitoka."

Sikuwa na la kujibu. Jumapili iliyofuata alikuja kuziba matundu. Safari hii antena tumeifunga kwa waya wa chuma uliopakwa zinki, kama bati lenyewe. Majirani walipochungulia, niliwaita mmoja mmoja nikawaambia mwizi ni nani.

Na wewe mwenye nyumba ya bati, kabla hujamtukana fundi wako, panda juu kwanza ukaangalie umefunga nini.