Kabla ya kununua ekrani nyingine, angalieni kwanza kabo

Ndugu wasikilizaji wa Bunia, na ninyi familia muliohama vijiji vya Djugu na Irumu, leo tuongee juu ya rangi za ekrani ya ordinatere. Ni jambo dogo, lakini lilikuwa karibu kumpotezea mtu kazi.

Jirani yangu, mama aliyekimbia kutoka Djugu, anakula kwa ordinatere moja ya mezani: anapiga watu picha za dosie na kuzitoa kwenye karatasi. Ghafla ekrani ikaanza kuonyesha kila kitu bluu-kijani. Wateja walipoona sura zao kama za maiti, wakaondoka na franga zao. Fundi mmoja akamwambia ekrani imekufa, anunue nyingine. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya nyumba na masomo ya watoto.

Nikamuuliza: “Mama, kwenye karatasi rangi zinatoka namna gani?” Akajibu: “Zinatoka muzuri.” Basi picha yenyewe ndani ya ordinatere ilikuwa nzima. Tukazima vyote, tukachomoa kabo ya VGA. Pini zake tatu za kwanza zinabeba rangi: ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Nyekundu ikikatika, nyeupe inageuka bluu-kijani. Kijani ikikatika, inakuwa zambarau. Bluu ikikatika, inakuwa manjano. Pini ya 1 ilikuwa imelala. Tukainyoosha polepole kwa pensete, tukakaza visi mbili za pembeni, na rangi zikarudi.

Si ajabu. Anayeogopa usiku anachomoa ordinatere kila jioni na kuificha. Kabo inavutwa kila siku.

Nanyi mujaribu hivi. Fungueni menyu ya ekrani kwa vifungo vyake. Menyu hiyo inatoka ndani ya ekrani, haipiti kwenye kabo. Rangi zake zikiwa nzuri, ugonjwa uko kwa kabo au kwa ordinatere. Zikiwa mbaya nazo, ekrani ndiyo mgonjwa. Pini ya 9 ikikosekana musiogope, kabo nyingi zinatengenezwa bila hiyo. Na kwa Windows 10, yote yakigeuka meusi na meupe, huenda mtoto amebonyeza Windows, Ctrl na C pamoja, bonyezeni tena.

Fanyeni hayo kwanza, ndipo mutoe pesa ya watoto.